Meno ya Watu wa Nyumbani na Bima Iliyo Ndani ya Uwezo Wetu

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Bodi imenipa kazi ya kusema nanyi juu ya jambo lisilozoeleka katika sherehe za ushirika. Walionitangulia wamenena juu ya kahawa, juu ya bei, na juu ya safari ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Nami nimeambiwa ninene juu ya meno. Naona baadhi ya wazee wanatabasamu, na wengine wameziba midomo kwa viganja. Wa namna zote mbili wamenisaidia kuanza.

Asili ya jambo lenyewe ni hii. Katika mkutano mkuu uliopita wajumbe waliomba Chama Kikuu kiangalie kama yafaa kukata shilingi kadhaa katika kila kilo ya kahawa, ili mwanachama na jamaa yake wapate bima ya meno. Tangu siku hiyo zimetufikia barua za makampuni, kila moja ikisifu bidhaa yake kwa maneno matamu na picha za watu wenye meno meupe kama maziwa. Kabla ya msimu kufunguliwa kila chama cha msingi kitapiga kura. Kata hiyo ikipita, itamgusa kila aletaye kahawa katika mizani yetu, mwenye meno thelathini na mawili na asiye na hata moja. Kwa hiyo si jambo la kucheka tu na kwenda zetu. Maneno nitakayosema ni maoni yangu mimi Katibu. Bodi haijakata shauri, nanyi ndio wenye kauli ya mwisho.

Nianze na desturi yetu. Tukisema kweli, sisi huenda kwa tabibu wa meno siku ile shavu lilipovimba. Kabla ya hapo mtu husukutua maji ya chumvi, hutafuna karafuu, humeza vidonge vya kutuliza maumivu, akangoja msimu wa malipo. Afikapo kwa tabibu, jino halina tena la kuokolewa, nalo hung'olewa. Kisha twasema kwamba matibabu ya meno ni kung'oa, kwa sababu hatujapata kuona mengine. Wala si sisi peke yetu. Katika taarifa yake ya mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 duniani wana ugonjwa wa kinywa wa namna fulani, na kwamba watu bilioni 2 hivi wana meno ya kudumu yaliyotoboka bila kutibiwa. Hakuna mwanachama hapa anayepaswa kuona haya kwa kuwa na jino bovu. Yuko katika jamii kubwa kuliko ushirika wo wote.

Sasa tutazame bima ni kitu gani, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Ghala letu la kahawa lina bima ya moto. Moto hauji kila mwaka, na huenda usije kabisa, walakini ukija utateketeza mali ambayo hakuna mmoja wetu awezaye kuilipa. Ndiyo maana twatoa fedha kidogo sote, ili atakayeunguliwa asimame tena. Lakini je, yuko mkulima akataye bima ya palizi? Hayuko. Palizi huja kila mwaka. Gharama yake yajulikana. Mwenye akili huiwekea fedha tangu siku ya mavuno.

Basi, ndugu zangu, sehemu kubwa ya shughuli za meno ni palizi, si moto. Kuangaliwa kinywa, kusafishwa ugaga, kuziba tundu dogo, kung'oa jino moja: hayo yote hutokea katika karibu kila nyumba, na yaweza kukisiwa kabla. Kampuni yajua hivyo vizuri kuliko sisi. Ijapokuwa huita mpango wake bima, hapana budi iweke mipaka mingi, la sivyo itapata hasara: ukomo wa fedha kwa mtu mmoja kwa mwaka, miezi ya kungoja, na sehemu ya gharama atakayolipa mgonjwa mwenyewe. Siwalaumu kwa hayo, kwa kuwa biashara haiendeshwi kwa hasara. Ila yafaa tujue kwamba mara nyingi twanunua palizi yetu wenyewe kwa bei ya juu kidogo, kupitia mkono wa mtu mwingine.

Naomba mnivumilie nifanye hesabu. Tarakimu nitakazotaja si bei za kampuni wala za hospitali yo yote. Nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi, nanyi mtaweka za kweli mtakapoletewa.

Tuseme kampuni yataka shilingi 60,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Nyumba ya watu 6 italipa 360,000. Kampuni yaahidi kulipa sehemu 70 katika 100 za gharama, lakini isizidi shilingi 150,000 kwa mtu mmoja. Tuseme tena kwamba katika mwaka huo watu wote 6 waliangaliwa vinywa kwa shilingi 5,000 kila mmoja, meno mawili yakazibwa kwa 40,000 kila moja, na moja likang'olewa kwa 15,000. Jumla ni shilingi 125,000. Nyumba isiyo na mpango italipa 125,000 na yamekwisha. Nyumba yenye mpango italipa 360,000 kwa kampuni, na juu yake sehemu yake ya 37,500 pale dirishani, jumla 397,500.

Mtu ataniambia, "Bwana Katibu, umechagua mwaka mzuri. Je, jino likihitaji kutibiwa mzizi?" Swali hilo ni la haki. Tuseme kutibu mzizi ni shilingi 250,000. Sehemu 70 katika 100 ni 175,000, lakini ukomo ni 150,000, kwa hiyo mgonjwa ataongeza 100,000 mwenyewe. Hata wakiwa watu watatu katika nyumba moja, mwaka mmoja, wote watibiwe mizizi, gharama bila mpango ni 750,000, na kwa mpango ni 360,000 na 300,000, yaani 660,000. Nafuu ni shilingi 90,000, katika mwaka ambao nusu ya nyumba imelala kwa maumivu. Mpango wa namna hiyo una faida, sikatai. Lakini faida yake ni nyembamba, na yaja mara chache.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba nyumba isinunue mpango wa meno peke yake kabla haijawa na bima ya afya ya mwili mzima. Uzazi wenye taabu, ajali ya pikipiki, upasuaji wa tumbo: hayo ndiyo moto wa ghala. Tena bima ya afya mara nyingi ina sehemu ya meno ndani yake, nao watu hulipa mara mbili bila kujua.

Nchi yetu imetembea mwendo mrefu katika jambo hili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Na katika mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulifanyiwa matengenezo, mchango ukawekwa shilingi 30,000 kwa kaya isiyozidi watu 6 katika mikoa mingi. Baadaye Mfuko wa Taifa ulileta mpango ulioitwa Ushirika Afya, uliokusudiwa wakulima walio katika vyama vya msingi kama sisi. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo shabaha yake ni kila mkazi awe katika bima. Nawatajia haya kwa sababu michango na mafao hubadilika. Mtu asiende kununua kwa habari aliyoisikia sokoni miaka mitatu iliyopita. Aulize mwaka huu, na aulize kwa maandishi.

Aulize nini? Kwanza, aulize kama mpango waziba jino, au wang'oa tu. Nalitilia mkazo neno hili kuliko mengine yote. Mpango unaolipia kung'oa peke yake utaonekana rahisi, nao kwa hakika ni rahisi kwa kampuni. Lakini jino la kudumu ling'olewapo halirudi. Jirani zake hulala kuelekea kwenye pengo, lile la juu hushuka kutafuta mwenzake, na mtu hutafuna kwa upande mmoja mpaka upande huo nao uchakae. Mzazi mwenye watoto wadogo na ajue jambo moja ambalo wengi hawalijui: gego la kwanza la kudumu huota mtoto afikapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, wala halisukumi jino lo lote litoke. Kwa sababu hiyo wazazi hulidhania kuwa la utoto. Likitoboka husema, "Liache, litaanguka." Halitaanguka. Ndilo gego atakalotafunia mahindi akiwa mzee, nalo mara nyingi ndilo la kwanza kuharibika. Kama shilingi zako zatosha kitu kimoja tu katika kinywa cha mtoto wa miaka 7, zitumie kuliangalia gego hilo.

Kisha aulize ni kituo gani kinachopokea kadi, na kama kituo hicho kina mtu wa meno na vifaa vya kuzibia. Kuna mpango wenye vituo vingi katika karatasi, walakini ukivitazama vyote viko mjini. Mtu ashukaye kutoka mlimani kwa nauli, na mtoto mmoja mkononi, akipoteza siku nzima ya kuchuma kahawa, amekwisha kulipa kabla hajafika dirishani. Nauli na kibarua cha siku hiyo viingizwe katika hesabu ya mpango, kwa sababu mfuko ni ule ule.

Habari ya miezi ya kungoja nayo imewaumiza watu. Yuko mama mmoja, mwanachama wa chama cha msingi cha huku kwetu, aliyelipa mchango wa nyumba yake kwa kampuni fulani mwezi wa saba, alipopata malipo ya awali ya kahawa. Mwezi wa tisa mwanawe akalia usiku kucha kwa gego. Wakashuka mjini asubuhi. Karani wa pale akaitazama kadi, akasema, "Mama, kadi ni nzima, ila kuziba jino ni mpaka miezi sita ipite." Mama akauliza kwa nini hakuambiwa. Akaonyeshwa mstari katika ukurasa wa nne wa mkataba, kwa herufi ndogo kuliko sisimizi, na kwa Kiingereza. Alilipa kwa fedha aliyokopa kwa shemeji yake. Aliponijia ofisini hakuwa na hasira juu ya fedha, alisema, "Mwanangu Katibu, wangeniambia tu, ningelipa mwezi wa kwanza." Nami nikaona kwamba chama chenye watu waliosoma hakina udhuru wa kuacha wanachama wake wasome mikataba ya namna hiyo peke yao. Tangu hapo nimeiomba Bodi ikubali kwamba hakuna kampuni itakayopewa nafasi ya kuzungumza na vyama vya msingi mpaka ilete mkataba wake wote kwa Kiswahili, ukiwa na herufi ambazo mzee wa miaka 70 aweza kuzisoma. Bodi imekubali.

Sasa niseme juu ya nyumba zenyewe, maana hazifanani. Nyumba ya vijana wenye watoto watatu yahitaji kuangaliwa na kuzibwa. Nyumba ya wazee wawili yahitaji mengine kabisa: ufizi unaotoa damu, meno yanayolegea, na pengine meno ya bandia, ambayo mipango mingi huyaacha nje au huyapa fedha kidogo. Mzee mwenye kisukari ana sababu ya kuangalia ufizi wake kuliko mtu mwingine, kwa kuwa magonjwa haya mawili huchocheana. Ufizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kutawaliwa, na sukari ikipanda ufizi huzidi kuoza. Tena yako maswali ya nani ahesabiwe kuwa jamaa. Mikataba mingi yahesabu mume, mke na watoto. Mama mzazi wa mume, ambaye ndiye apikaye uji wa watoto hao, hayumo. Mjukuu aliyeletwa kulelewa hayumo. Katika nyumba zetu hao si wageni, na mpango usiowajua ni mpango uliokatwa kwa kipimo cha nyumba nyingine.

Ngoja nigeuke kidogo niseme juu ya rangi ya meno, kwa sababu sisi tukaao chini ya Mlima Meru hatuwezi kuipita. Maji ya sehemu nyingi za huku yana madini ya floraidi kuliko kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake yakiumbwa ndani ya taya, huota yakiwa na madoa ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage huongeza jambo hilo hilo. Madoa hayo si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki, na hakuna mwalimu mwenye haki ya kumcheka mtoto kwa hayo. Katika barua za makampuni nimeona ahadi ya kufanya meno yawe meupe. Ahadi hiyo isimnunue mtu. Fedha hiyo ni heri iende kwenye maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa kwetu, kimeshughulika miaka mingi na kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na chujio la namna hiyo laweza kukaa jikoni mwa mtu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri nayo ni mema.

Hapo wengine huniuliza, "Kama floraidi yatudhuru, mbona dawa ya meno inayo?" Jibu ni kipimo. Kiasi kidogo juu ya jino hulitia nguvu. Kingi kinywewacho miaka mingi huliharibu likiwa bado halijaota. Kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi itumike, ila mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hiyo ya kawaida ya mswaki katika orodha yake ya dawa muhimu. Katika mipango yote niliyoisoma sikuona ulio na bei ndogo zaidi kuliko huo.

Na sukari je? Sitawahubiria sana, nami mwenyewe napenda chai tamu. Shirika hilo hilo lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi, na ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina gramu 35 au kupita. Lakini kwa jino, mara ngapi ni kubwa kuliko kiasi gani. Kila utamu ufikapo kinywani, vijidudu hutengeneza asidi. Mate huhitaji muda kuiosha. Mtoto anyonyaye peremende tangu asubuhi mpaka jioni hampi mate wake nafasi. Ampewe pamoja na chakula, kisha basi.

Jambo jingine nalisema kwa uzito, mbele ya mabibi na mabwana wote. Bado wako wanaotoa fedha ili mtoto mchanga akatwe ufizi kwa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Mtoto ana homa na kuharisha. Mtu humfungua kinywa, huona uvimbe mweupe wa chonge linalojiandaa kuota, akauchokoa kwa chuma. Hayo si meno ya plastiki; ni meno ya mtoto mwenyewe. Watoto wamekufa kwa damu na kwa uchafu wa chuma hicho. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya pakiti yatolewayo zahanati, na kwa kunyonyeshwa bila kuacha, na apelekwe kituo siku hiyo hiyo. Mtu asiite mkasi huo matibabu ya meno, wala asikope fedha ya chama kwa ajili yake.

Narudi kwenye kura. Pendekezo lililo mezani ni kukata kwa kilo. Mimi silipendi, nami nitasema kwa nini. Tuchukue ile nyumba ya shilingi 125,000. Mwenye kilo 500 akikatwa, ni shilingi 250 kwa kilo, na huenda asijue. Mwenye kilo 100 akitakiwa kutoa fedha ile ile, ni shilingi 1,250 kwa kila kilo, naye atapeleka kahawa yake kwa mlanguzi usiku. Tukiweka kata moja kwa wote, mkubwa atalipa mara tano kwa vinywa vile vile, naye atanung'unika kwa haki. Meno hayahesabiwi kwa kilo. Mchango wo wote na uwe kwa nyumba, kwa hiari ya maandishi, na ukatwe katika malipo ya pili, wakati deni la pembejeo limekwisha kuondoka.

Badala ya kununua mpango wa kampuni mwaka huu, naona tujaribu njia hii. Kila nyumba ipendayo ifungue akiba ya meno katika chama chetu cha akiba na mikopo, katika kitabu cha peke yake, isiyotolewa ila kwa hati ya tabibu. Fedha isiyotumika mwaka huu yabaki kuwa ya nyumba; haiendi kwa mtu. Papo hapo Chama Kikuu, kwa niaba ya nyumba zote, kipatane bei na kituo kimoja au viwili vyenye watu wa meno waliosajiliwa. Mtu mmoja hapati punguzo. Nyumba mia sita hupata. Hiyo ndiyo kazi ya ushirika tangu wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu mwaka 1933: kuuza pamoja ili bei ipande, na kununua pamoja ili ishuke.

Tena tuwaombe watabibu waje kwetu siku za mizani. Wengine watasema haiwezekani kuziba jino ghalani, kwa kuwa hakuna umeme wa kutosha wala mashine. Yawezekana. Iko njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa, kisha kulijaza kwa simenti maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliisifu kwa mataifa yote. Haifai kwa kila tundu. Lililofika kwenye neva lahitaji kazi nyingine. Lakini kwa gego la mtoto wa darasa la pili lililoanza kutoboka, yatosha, tena mara nyingi haina haja ya sindano ya ganzi, jambo ambalo watoto hulithamini kuliko hotuba yangu. Naipendekezea Bodi kwamba gharama ya siku hizo kwa watoto wa shule itoke katika fungu la jamii la Chama Kikuu, ili mtoto wa asiye na akiba naye apate.

Nyumba zenye mzee wa kutiwa meno ya bandia, au mtu ambaye meno yake mengi ni mabovu kwa pamoja, huenda zikaona mpango wa kampuni wafaa kuliko akiba. Hizo zisizuiwe. Zije ofisini na karatasi ya kampuni, tufanye ile hesabu niliyofanya hapa kwa tarakimu za kweli, kabla ya kutia sahihi.

Karatasi za kura zitafika kwa makatibu wa vyama vya msingi wiki mbili kabla ya msimu kufunguliwa. Karani wa kila ghala amepewa daftari. Kila nyumba na ilete hesabu ya vinywa vyake: umri wa kila mtu, jino liumalo, gego lililotoboka, na kituo wanachofikia kwa miguu. Wale wenye kadi za bima wazilete kadi zenyewe, pamoja na karatasi zilizokuja nazo, tuzisome pamoja pale mezani.